Kuvuna, Kupukuchua na Kuhifadhi Mahindi kwa Mashine: Mwongozo Kamili kwa Shamba la Familia

Mashine ya kupukuchua mahindi hubebeshwa lawama nyingi zisizo zake. Punje zimepasuka, mashine mbaya. Magunzi yametoka na punje, mashine mbaya. Magunia yameota ukungu baada ya mwezi, hata hapo mwenye mashine anakumbukwa. Ukifuatilia, mara nyingi chanzo ni unyevu: mahindi yalilishwa siku mashine ilipopatikana, wala si siku yalipokuwa tayari. Ndiyo maana hatua zilizo hapa zinafuata unyevu wa punje, tangu hindi likiwa bado kwenye bua hadi mdomo wa gunia unapofungwa.

Namba tatu za kushika kichwani: vuna unyevu ukiwa kati ya asilimia 20 na 25, pukuchua ukiwa kati ya 14 na 16, hifadhi ukiwa 13 au chini ya hapo.

Anza na hesabu ya turubai

Kabla ya kuulizia mashine, pima eneo ulilonalo la kuanikia punje. Punje zilizotandazwa kwa kina cha sentimita 4 hufikia karibu kilo 29 kwa kila mita moja ya mraba. Turubai la mita 5 kwa 8 lina mita za mraba 40, kwa hiyo linabeba kama kilo 1,150 kwa mkupuo. Hapo ndipo mipango mingi huvunjika. Mashine inaweza kupukuchua kilo 4,000 kwa siku moja, lakini kilo 4,000 zinahitaji karibu mita 140 za mraba za turubai. Zikiwa na unyevu wa asilimia 18 na una turubai moja tu, robo tatu ya mavuno itakaa kwenye magunia ikisubiri zamu, na punje mbichi iliyobanwa ndani ya gunia huanza kupata joto ndani ya siku moja au mbili. Joto hilo ndilo mwanzo wa ukungu.

Njia za kutoka hapo ni mbili. Ama upukuchue kwa mafungu, kila fungu likilingana na turubai lako, ama uyakaushe mahindi yakiwa bado kwenye magunzi hadi asilimia 14 au 15, ili punje zikitoka zihitaji siku moja ya jua kumalizia. Ya pili ni bora kwa familia nyingi, kwa sababu mahindi yaliyo kwenye kichanja hayahitaji mtu wa kuyageuza wala wa kukimbia na turubai wingu likitanda.

Ukitaka kukisia uzito, kilo 100 za mahindi makavu yaliyomenywa maganda hutoa karibu kilo 80 za punje. Zinazobaki ni magunzi. Na usishtuke mzani ukipungua baada ya kuanika. Kilo 1,000 zenye unyevu wa asilimia 20 zikishuka hadi 13 zinabaki kama kilo 920. Kilichoondoka ni maji. Mwambie kila mwenye hisa katika mavuno jambo hili mapema, kabla hajaanza kuuliza magunia yamekwenda wapi.

Kujua kwamba hindi limekomaa

Rangi ya majani inadanganya. Ukame na magonjwa pia huyakausha. Kata hindi, livunje katikati, chomoa punje moja, kisha kwangua kwa ukucha ile ncha iliyokuwa imeshika gunzi. Ukikuta utando mweusi, punje imeshaacha kupokea chakula kutoka kwenye mmea. Wakati huo unyevu wake bado ni mkubwa, asilimia 30 hadi 35, lakini haitaongezeka uzito tena. Fanya hivyo kwa mahindi kumi hivi kutoka sehemu mbalimbali za shamba, ukiruka mistari ya pembeni, maana hiyo hukomaa tofauti na ya katikati.

Kuanzia hapo, kila siku ya jua hupunguza unyevu kwa nusu asilimia hadi asilimia moja, na zaidi kidogo penye upepo mkavu. Kuacha mahindi shambani hadi yakauke kabisa kunaonekana ni kukausha bure, lakini sivyo. Wadudu wanaotoboa punje, fukusi na dumuzi, huanza kazi yao huko huko shambani, mabua huanguka, na hindi lililogusa udongo huokota vimelea vya ukungu. Unyevu ukifika kati ya 20 na 25, ingia uvune. Mvua ikikuwahi kabla hujamaliza, anza na mahindi yanayoelekeza ncha juu: hayo ndiyo yanayokusanya maji ndani ya maganda. Yaliyoinama huvumilia.

Kuvuna na kuchambua

Menya maganda shambani. Mashine nyingine hupokea mahindi yenye maganda, lakini ukimenya unaliona hindi lenyewe, na hilo lina thamani kuliko muda unaookoa. Usiyatupe mahindi chini. Tandika turubai au magunia mwishoni mwa mistari, au lete tela karibu.

Chambua papo hapo mafungu matatu. La kwanza ni mahindi safi. La pili ni yaliyoguswa kidogo na wadudu au ndege. Hayo yapukuchuliwe peke yake na yaliwe mwanzo, yasichanganywe na ya kuhifadhi. La tatu ni yaliyooza au yenye unga wa kijani, manjano, kijivu au pinki. Fungu hili halina matumizi. Wengi huwapa mifugo, na hapo ndipo sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, inaporudi nyumbani kwa mlango wa nyuma: ng'ombe akila, sehemu ya sumu hutoka kwenye maziwa, na kuku huathirika upesi. Kupika hakuiondoi. Yachome au yafukie mbali na ghala.

Kama unatunza mbegu yako mwenyewe ya aina isiyo chotara, chagua mashina yenye afya kabla ya kuvuna na uyafunge kamba. Mahindi hayo yasipite kwenye mashine hata kidogo. Pukuchua kwa mkono, uache punje ndogo za ncha na za kitako.

Kukausha kwenye kichanja

Kinachoamua kichanja kukausha ni upana wake, wala si ukubwa kwa jumla. Upepo lazima upite kutoka upande mmoja hadi wa pili. Mahali penye unyevu mwingi hewani usizidishe sentimita 60 hadi mita 1. Pakavu unaweza kufika mita 1.5. Urefu jenga unavyotaka. Ubavu mrefu ndio upokee upepo unaovuma mara kwa mara. Sakafu iwe juu kwa sentimita 75 angalau, ikiwezekana mita 1, na kila mguu uvalishwe koni ya bati iliyopinduliwa mdomo chini ili panya asipande. Koni iliyowekwa chini sana haina maana, panya huiruka. Iweke karibu na sakafu ya kichanja, na usiegemeze ngazi, jembe wala bua kwenye kichanja usiku.

Usikijaze hadi paa. Acha nafasi ya kupitisha hewa juu, na baada ya wiki moja ingiza mkono katikati ya rundo. Ukihisi joto au harufu ya chachu, toa mahindi ya sehemu hiyo uyatandaze.

Kupima unyevu bila kubahatisha

Kipima unyevu cha umeme kikipatikana, kitumie, lakini kwa utaratibu. Chota punje sehemu tano: juu, chini, katikati na pande mbili. Changanya, ondoa takataka, acha zipoe kivulini, pima mara tatu uchukue wastani. Punje zilizotoka juani zikiwa za moto huleta namba ya uongo.

Bila kipima, chupa na chumvi vinatosha kwa hatua ya kupukuchua. Chukua chupa ya kioo ya mililita 750 iliyo kavu kabisa na yenye kifuniko. Chumvi nayo ikaushwe juani au kwenye kikaango, kisha ipoe. Jaza punje hadi theluthi ya chupa, weka vijiko viwili au vitatu vya chumvi, funga, tikisa kwa nguvu dakika moja hadi tatu, kisha iache itulie dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi asilimia 15. Kuta zikiwa safi, umeshuka chini ya hapo.

Angalia mpaka wa kipimo hiki: kinakuambia kwamba umefika chini ya 15, hakikuambii kwamba umefika 13. Chupa ikikuambia tayari, hayo ni mahindi ya kwenda kwenye mashine, bado si ya kwenda ghalani. Kung'ata punje kwa meno kunasaidia kulinganisha fungu na fungu tu. Punje yenye 15 na yenye 13 zote hulia.

Kuandaa mashine siku moja kabla

Iwe ya kwako au ya kukodi, ikague mashine ikiwa imezimwa na mkanda umetolewa.

Zungusha kwa mkono ngoma, ile silinda yenye meno inayopukuchua. Izunguke bila kukwaruza, na ukiiacha isimame mahali tofauti kila mara. Ikirudi daima upande ule ule, upande huo ni mzito: kuna jino limelika au limeng'oka upande wa pili. Jino likibadilishwa, badilisha na la mkabala wake, yote mawili yawe na uzito mmoja. Ngoma isiyo na mizani hutikisa mashine, mtikisiko hulegeza nati, na nati ikianguka ndani huvunja chekeche.

Kaza bolti zote za meno na za beringi. Paka grisi kwenye beringi kwa bomba, pampu moja au mbili, na urudie kila baada ya saa nane hadi kumi za kazi. Kuzidisha hakusaidii, grisi ikizidi husukuma sili nje, vumbi likaingia. Kisha tazama puli ya injini na ya ngoma kwa kamba iliyonyooshwa: kamba iguse kingo za puli zote mbili bila kuacha mwanya. Puli zisipokuwa mstari mmoja, mkanda huliwa ubavu mmoja.

Mkanda ukaze kwa kipimo. Pima umbali ambao mkanda umetanda hewani kati ya puli na puli, kisha ubonyeze katikati kwa kidole gumba. Unatakiwa kushuka karibu milimita 16 kwa kila mita moja ya umbali huo. Kwa sentimita 60, kama milimita 10. Ukilegea huteleza na kunuka mpira ulioungua, ngoma hupungua kasi na feni huishiwa upepo. Ukikazwa mno, beringi ndizo zinazolipa.

Kasi ya ngoma ndiyo moyo wa marekebisho yote. Soma kibati cha mashine. Nyingi ndogo zenye ngoma ya meno hufanya kazi vizuri kwenye mizunguko 500 hadi 700 kwa dakika. Hesabu yake ni hii: mizunguko ya injini mara kipenyo cha puli ya injini, gawanya kwa kipenyo cha puli ya ngoma. Injini ya mizunguko 1,800 yenye puli ya milimita 100, ikivuta puli ya milimita 300, inaipa ngoma mizunguko 600. Akija fundi akakufungia injini nyingine yenye kasi ya 2,600 na akaacha puli zile zile, ngoma sasa inazunguka karibu 870, na hapo punje zitapasuka hata mahindi yawe makavu namna gani. Kosa hili ni la kawaida mno, na wengi huhangaika na chekeche wakati dawa yake ni puli.

Nafasi kati ya meno na chekeche la chini, kama mashine yako inaruhusu kuirekebisha, anzia na unene wa gunzi lako la kawaida, karibu milimita 25 upande wa kuingilia, ipungue kidogo kuelekea upande wa kutokea. Matundu ya chekeche ya milimita 12 hadi 14 kwa kawaida hupitisha punje na kuzuia vipande vya magunzi.

Injini ya dizeli: pima oili ikiwa imesimama sawa, si kwenye mteremko. Chuja mafuta unapojaza, na usitumie yale ya chini kabisa kwenye pipa, maana maji na uchafu hukaa huko. Safisha kichujio cha hewa kila siku ya kazi. Vumbi la mahindi hukiziba ndani ya saa chache. Kwa makadirio ya mafuta, injini ya nguvu za farasi 10 ikifanya kazi ya kutosha hutumia karibu lita 2 hadi 2.5 kwa saa.

Ikiwa inaendeshwa na trekta

Shafti ya PTO, yaani ile inayopeleka nguvu ya trekta kwenye mashine, hustahili woga. Kwenye kasi ya kawaida ya mizunguko 540 kwa dakika inazunguka mara 9 kwa sekunde. Shafti ya kipenyo cha sentimita 5 huviringisha sentimita 16 za nguo kila mzunguko, yaani karibu mita 1.4 kwa sekunde moja. Hakuna mkono unaoweza kuivuta nguo hiyo irudi. Kwa hiyo kava ya plastiki iwe nzima na mnyororo wake umefungwa, mtu asiruke wala kupita juu ya shafti, na pini ya kufungia iingie hadi isikike. Mabomba mawili ya shafti yanayoingiliana yashikane angalau theluthi ya urefu wake. Trekta na mashine vikae mstari mmoja, breki zimefungwa, magurudumu yamewekewa mawe. Kasi ya 540 ina alama yake kwenye saa ya injini. Usiipite ukidhani unaharakisha kazi.

Kupanga uwanja na watu

Weka mashine mahali tambarare, mgongo wake ukielekea unakokwenda upepo, ili makapi na vumbi viondoke kwa watu. Moshi wa injini usielekee kwenye rundo la maganda, na ndoo ya mchanga na ya maji ziwe karibu. Makapi makavu na ekzosi ya moto havipatani.

Kazi inahitaji watu watano: wa kulisha, wa kumsogezea mahindi, wa kupokea punje, wa kuondoa magunzi, na mmoja anayeshika injini tu. Huyu wa mwisho ndiye watu hupenda kumwondoa ili kuokoa nguvu kazi. Msimwondoe. Yeye ndiye anayesikia mlio ukibadilika na ndiye mwenye mkono karibu na swichi ya kuzimia. Mlishaji abadilishwe kila nusu saa au saa moja. Mikono iliyochoka huanza kusukuma mahindi kwa vidole hadi ndani ya mdomo wa mashine. Mdomo ukiwa umekwama, tumia kipande cha gunzi au mti laini, kamwe chuma wala mkono.

Ushungi unaoning'inia, mikono mipana ya shati, kanga iliyofungwa kiunoni, saa na bangili: vyote viachwe nyumbani. Miwani na barakoa zivaliwe, na masikio yazibwe. Watoto wana kazi nyingi za maana siku hiyo, kama kushona magunia, kuleta maji ya kunywa na kuokota punje zilizotawanyika mashine ikishazimwa, ila wachorewe mstari umbali wa mita 10 na mtu mzima mmoja aulinde mstari huo. Kuku nao wafungiwe. Mtu akimfukuza kuku hatazami anakanyaga wapi.

Kuwasha na kulisha

1. Toa mkanda au achia klachi, washa injini, iache ipate moto dakika tano.
2. Unganisha na ngoma, ongeza kasi polepole. Sikiliza dakika mbili bila kulisha kitu.
3. Lisha mahindi kumi au kumi na tano, kisha zima. Angalia yaliyotoka pande zote tatu: punje, magunzi, makapi.
4. Chota gramu 200 za punje, tenga zilizovunjika, uzipime. Zikizidi gramu 8 rekebisha kabla ya kuendelea.
5. Anza kazi kwa kulisha mfululizo na kwa kiasi kimoja.

Hiyo hatua ya tano ina siri yake. Ngoma isiyo na mzigo wa kutosha huvunja punje zaidi kuliko iliyojaa vizuri, kwa sababu mahindi yakiwa mengi husuguana yenyewe kwa yenyewe, yakiwa machache yanapigwa na chuma tupu. Lakini ukizidisha, mlio wa injini unazama na ngoma inakaba. Mlishaji mzuri hutumia masikio: mlio ukianza kuzama, anasita kidogo, ukipanda, anaongeza.

Namba ya tani kwa saa iliyoandikwa kwenye mashine ilipimwa kwenye mahindi makavu na mlishaji hodari. Panga siku yako kwa nusu ya namba hiyo.

Mambo yakiharibika

Punje nyingi zimepasuka: punguza kasi ya ngoma kwanza. Isipotosha, panua nafasi ya chekeche. Kama bado, pima unyevu; juu ya asilimia 18 punje husagika na kuacha unga unaonata kwenye chekeche, na chini ya 12 hukatika kama kioo.

Magunzi yanatoka na punje: mara nyingi mahindi ni mabichi, na hakuna marekebisho yanayoondoa hilo. Yarudishe kwenye kichanja. Ikiwa yamekauka, tazama meno yaliyolika mviringo, mkanda unaoteleza, au nafasi iliyo pana mno. Mahindi membamba ya mwisho wa mistari huwa na tatizo hili hata mashine ikiwa sawa. Yatenge umalizie kwa mkono.

Punje zinaruka pamoja na makapi: punguza mlango wa hewa wa feni, robo kwa robo, na uhakikishe mashine haijainama. Kinyume chake, takataka zikija na punje, fungua hewa zaidi, kagua mkanda wa feni, piga brashi chekeche.

Ngoma imekaba: zima injini, subiri kila kitu kisimame, toa mkanda au chomoa shafti, ndipo ufungue kifuniko. Kugeuza ngoma kwa mkono wakati mkanda bado umevutwa kunaweza kuirusha ghafla.

Beringi ina joto: zima injini, subiri mashine isimame kabisa, ndipo uguse nyumba yake. Ukishindwa kuacha kiganja kwa sekunde chache, usirudi kazini kabla ya kupaka grisi au kubadilisha. Beringi inayolia ikiachwa hukata shafti, na shafti haipatikani siku ile ile.

Moshi mweusi unamaanisha mzigo umezidi au kichujio cha hewa kimeziba. Mweupe usioisha injini ikishapata moto ni mafuta yasiyoungua au yenye maji. Wa bluu ni oili inayoungua. Injini ya dizeli iliyoishiwa mafuta ikagoma kuwaka baada ya kujazwa imeingiza hewa. Legeza skrubu ya juu ya kichujio cha mafuta, acha mafuta yatoke hadi mapovu yaishe, kaza, kisha fanya hivyo hivyo kwenye bomba la pampu.

Kuanika punje na kuzifunga

Tandaza punje kina cha sentimita 3 hadi 5, zigeuze kila nusu saa hadi saa moja, na jua likianza kushuka zikusanye uzifunike kabla umande haujaanguka. Usianike kwenye barabara wala kwenye udongo. Ukianika juu ya bati, punje za chini hupata joto kali na kupasuka.

Ukifika asilimia 13, pepeta, ondoa punje zilizovunjika, kisha ziache zipoe kabisa kivulini. Punje za moto zikifungwa jioni, unyevu huhama ndani ya gunia na kukusanyika upande uliopoa. Kesho yake utakuta tabaka la juu limelowa ingawa hakuna maji yaliyoingia.

Kwa gunia lisilopitisha hewa, lenye mifuko miwili ya ndani, jaribu kila mfuko kwanza: ujaze hewa, kamata mdomo, ubane, sikiliza kama unavuja. Jaza kilo chache chache ukitikisa ili hewa itoke kati ya punje, acha sentimita 20 hadi 30 za mdomo. Kamua hewa, sokota mdomo wa mfuko wa ndani hadi uwe mgumu, ukunje mara mbili, funga kwa kamba ya mpira. Fanya hivyo kwa wa pili, kisha gunia la nje. Wadudu walionaswa ndani humaliza hewa na kufa. Usilifungue kwa wiki sita za kwanza. Kila kufungua kunawapa pumzi upya. Punje zilizo juu ya asilimia 13 zisiingie humo, maana mfuko huo hauzuii tu hewa kuingia, unazuia na unyevu kutoka.

Kwa magunia ya kawaida utahitaji dawa ya unga ya kuhifadhia nafaka, iliyoruhusiwa kwa chakula, kwa kipimo na siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye pakiti yake. Vidonge vinavyotoa gesi visitumike kabisa kwenye nyumba inayolala watu, hata kama ghala ni chumba cha mwisho na mlango umefungwa. Gesi hiyo hupenya ukuta.

Panga magunia juu ya mbao, sentimita 30 hadi 50 kutoka ukutani, ili uweze kupita na tochi na panya wakose pa kujificha. Kagua kila wiki mbili: unga sakafuni chini ya gunia ni dumuzi, matundu madogo ya mviringo kwenye punje ni fukusi, na joto unalolihisi ukiingiza mkono katikati ya gunia la kawaida linataka punje zitoke nje siku hiyo hiyo.

Kuilaza mashine

Ifanyie kazi hii wiki ile ile ya mavuno. Iendeshe dakika tano bila kulisha ili itoe mabaki, zima, fungua vifuniko, ufagie kila kona, kwa sababu punje zilizobaki huita panya nao hutafuna mkanda. Toa mkanda, uutundike mahali pasipo jua. Paka grisi kwenye beringi, pampu moja au mbili, pitisha oili kidogo kwenye ngoma na chekeche zisishike kutu. Badilisha oili ya injini ikiwa bado ya moto. Iliyotumika ina asidi inayokula vyuma ikikaa miezi. Tangi la dizeli lijazwe, la petroli litolewe mafuta hadi kabureta ikauke. Kisha andika kwenye karatasi, uibandike ndani ya kifuniko kikubwa: saa zilizofanya kazi, namba ya mkanda, namba za beringi, vipenyo vya puli zote mbili, na meno mangapi yanahitaji kubadilishwa kabla ya msimu ujao.